Meghnad Saha: Mtoto wa Mwenye Duka Aliyezipima Nyota

Katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki ni desturi kuandika habari za watakatifu, za walimu wa dini, na za wafadhili waliotoa mali zao ili kuta za hekalu zisimame. Hayo ni mema, nasi tunayaheshimu. Safari hii, hata hivyo, tumeona inafaa kuwasimulia wanachama na majirani zetu maisha ya mtu ambaye hakujenga hekalu lolote, na ambaye katika ujana wake alizuiwa kuikaribia madhabahu ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Mtu huyo ni Profesa Meghnad Saha wa Bengal, aliyefariki mwaka 1956. Hadi leo wataalamu wa falaki wanaotaka kujua joto la nyota na vitu vilivyomo ndani yake hutumia hesabu aliyoigundua yeye.

Saha alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1893 katika kijiji cha Seoratali, wilaya ya Dhaka, ambayo siku hizi imo katika nchi ya Bangladesh. Jina Meghnad maana yake ni ngurumo ya mawingu, na husimuliwa kwamba alizaliwa wakati wa dhoruba kali. Baba yake, Jagannath Saha, alikuwa na duka dogo la kijijini, na watoto nyumbani walikuwa wanane. Wengi wetu tunaijua nyumba ya namna hiyo: duka mbele, jamaa nyuma, na mtoto anayejua kusoma mizani kabla hajajua kusoma kitabu. Wazee wetu waliovuka bahari kutoka Kutch na Kathiawar waliyaanza maisha yao ya Afrika hivyo hivyo. Kwa hiyo hatumshangai mzee Jagannath alipoona kwamba elimu ya shule ya kijiji yatosha, na kwamba sasa mtoto akae dukani.

Waliomwokoa kijana huyo walikuwa walimu wake na kaka yake mkubwa, Jainath. Shule ya kati ilikuwa Simulia, mwendo wa kilomita 10 hivi, na nyumbani hapakuwa na fedha za kumlipia malazi. Daktari mmoja wa huko, Ananta Kumar Das, alikubali kumpokea nyumbani kwake bila malipo, kwa sharti kwamba aoshe vyombo vyake mwenyewe na amtunze ng'ombe. Saha alifanya hivyo, akasoma, na katika mtihani akawa wa kwanza wilaya nzima ya Dhaka. Serikali ikampa msaada wa rupia 4 kwa mwezi. Chama cha wafanyabiashara wa jamii yake kikaongeza rupia 2. Jainath, aliyekuwa akifanya kazi ya jute kwa mshahara wa rupia 20, akamtumia rupia 5 kila mwezi. Jumla ni rupia 11, na kwa rupia hizo Saha akaingia Dhaka Collegiate School mwaka 1905.

Mwaka huo huo serikali ya Kiingereza iliigawa Bengal sehemu mbili, na watu wengi wakakasirika. Gavana alipokuja kuizuru shule, baadhi ya wanafunzi walisusia mapokezi yake, Saha akiwa miongoni mwao. Alifukuzwa shule na kunyang'anywa msaada wa serikali, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili tu. Shule nyingine ya Dhaka ilimpokea, na mwaka 1909 akawa wa kwanza katika Bengal ya Mashariki katika mtihani wa kuingia chuo.

Mwaka 1911 alihamia Calcutta kusoma hisabati katika Presidency College, ambako Jagadish Chandra Bose na Prafulla Chandra Ray walikuwa walimu. Miongoni mwa wanafunzi wenzake alikuwamo Satyendra Nath Bose. Katika mitihani mikubwa ya mwaka 1913 na 1915 Bose alikuwa wa kwanza na Saha wa pili. Lakini katika bweni la wanafunzi wa Kihindu la Eden alipambana na jambo ambalo hakuna mtihani uliomtayarisha nalo. Jamii yake ya wachuuzi ilihesabiwa kuwa ya tabaka la chini. Baadhi ya wanafunzi hawakutaka kula pamoja naye. Ilipofika sikukuu ya Saraswati, walimzuia asilikaribie jukwaa la ibada.

Tunaomba msomaji alitafakari jambo hili. Saraswati ndiye tunayemwekea vitabu na kalamu miguuni, tukimwomba awape watoto wetu akili na bidii. Kijana aliyepita akili na bidii karibu wote waliokuwamo bwenini alirudishwa nyuma mbele ya sanamu yake kwa sababu ya ukoo wa baba yake. Saha hakulisahau jambo hilo maisha yake yote, naye akawa adui wa ubaguzi wa tabaka.

Baada ya masomo alitaka kufanya mtihani wa utumishi katika idara ya fedha ili awasaidie ndugu zake. Hakuruhusiwa, kwa kuwa alishukiwa kuwa na uhusiano na wapinga ukoloni. Akazunguka mjini kwa baiskeli akifundisha watoto wa watu nyumbani kwao. Mwaka 1916 Asutosh Mukherjee alimwita yeye na Bose kufundisha katika Chuo cha Sayansi cha Calcutta. Vitabu vya fizikia mpya vilikuwa vichache kwa sababu ya vita, na vingine vilikuwa kwa Kijerumani. Basi wakajifunza wenyewe na kuwafundisha wengine. Wao wawili ndio walioitafsiri kwa Kiingereza nadharia ya Einstein, na Chuo Kikuu cha Calcutta kikaichapa mwaka 1920. Miaka michache kabla ya hapo, Saha alikuwa amepeleka makala ndefu kwa jarida moja la Marekani. Jibu lilikuwa kwamba itachapwa iwapo atachangia gharama. Hakuwa na fedha hizo, na makala haikutoka ila kwa muhtasari.

Sasa tueleze alichokigundua. Nuru ya jua ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Ukitazama kwa makini zaidi, utaona mistari myeusi mingi ndani ya rangi hizo. Mistari hiyo huachwa na vitu vilivyomo katika hewa ya nyota, kila kitu na mistari yake, kama alama za vidole. Katika chuo cha Harvard, Marekani, Annie Jump Cannon alikuwa amezipanga nyota 225,300 katika makundi kwa kufuata mistari hiyo. Lakini hakuna aliyejua kwa hakika kwa nini makundi yalitofautiana. Nyota Shira, ing'aayo kupita zote usiku, ina mistari mikali ya hidrojeni. Jua letu lina mistari hafifu ya hidrojeni na mistari mikali ya kalisi. Wengi walidhani kwamba nyota hutofautiana kwa vitu zilivyoumbwa navyo.

Sisi wa biashara tunajua kwamba kilichoanikwa mlangoni hakionyeshi vyote vilivyomo ghalani. Hivyo ndivyo Saha alivyoonyesha kuhusu nyota. Atomi ina elektroni zake. Joto likizidi, atomi hupoteza elektroni, na atomi iliyopoteza elektroni huacha mistari mingine kabisa, au mistari ambayo macho yetu hayawezi kuiona. Tena, mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni mdogo, elektroni iliyotoka hairudi kwa urahisi. Saha alitunga mlinganyo unaokadiria ni atomi ngapi zitakuwa zimepoteza elektroni katika joto fulani na mgandamizo fulani. Kwa mlinganyo huo ikajulikana kwamba mistari ya nyota husema kwanza habari za joto lake. Hewa ya Shira ina digrii kama 10,000, nayo hiyo ndiyo hali inayofaa kwa mistari ya hidrojeni kuonekana; uso wa jua una digrii 5,500 hivi, na hapo hidrojeni nyingi hukaa kimya ijapokuwa imejaa tele.

Makala hiyo ilichapwa London mwezi wa Oktoba 1920, mwandishi wake akiwa na miaka 27, naye aliiandika Calcutta bila kuwa na darubini kubwa. Alitabiri pia kwamba madini ya rubidi, ambayo hayakuwa yameonekana katika jua, yangeonekana katika madoa ya jua, kwa kuwa madoa hayo yana joto pungufu. Henry Norris Russell alitazama katika kituo cha Mount Wilson, California, akayaona. Mwaka 1925 Cecilia Payne wa Harvard aliutumia mlinganyo wa Saha kuthibitisha kwamba nyota kwa sehemu kubwa mno ni hidrojeni na heli. Mwaka 1927 Saha alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel, lakini hakuipata.

Ufunguo huo wa joto ulisaidia kuufungua mlango wa maisha ya nyota. Kwa kuulinganisha joto na mwangaza, wataalamu wamejua kwamba nyota huzaliwa, huzeeka na kufa. Mawingu makubwa ya gesi na vumbi hujikusanya kwa uzito wake yenyewe. Kiini kikifikia joto la digrii milioni 10 hivi, hidrojeni huanza kugeuka kuwa heli, na nyota huwaka. Jua letu lina umri wa miaka bilioni 4.6 na litaendelea kwa miaka bilioni 5 hivi, ndipo livimbe na kuwa jekundu, kisha libaki kiini kidogo cheupe kinachopoa polepole. Nyota kubwa hutumia akiba yake kwa pupa na kuisha mapema. Majirani zetu wa Kiswahili wanaijua Kilimia, iliyowaongoza wakulima kuhusu majira ya mvua; sisi tunaiita Krittika, na mwezi wa Kartik, unaoufungua mwaka wetu wa Kigujarati, umepata jina kwake. Nyota zake za buluu ni changa, zina miaka milioni 100 tu au zaidi kidogo. Jyeshtha, ile nyota nyekundu ya kundi la Nge, iko karibu na mwisho wake, na siku moja italipuka.

Saha hakukaa na nyota peke yake. Alifundisha Allahabad kuanzia mwaka 1923 hadi 1938, kisha akarudi Calcutta na kuanzisha taasisi ya fizikia ya viini vya atomi. Kwa kuwa alikulia katika nchi ya mafuriko, aliandika sana juu ya kuitawala mito, na mawazo yake yalisaidia mpango wa bonde la mto Damodar. Mwaka 1952 wananchi wa Calcutta walimchagua kuwa mbunge, bila kuwa mgombea wa chama tawala.

Mwaka huo huo alikabidhiwa uenyekiti wa kamati ya kurekebisha kalenda ya India, kwani kalenda zilizotumika nchini zilikuwa kama 30. Kazi hii yatugusa sisi watu wa hekalu. Uttarayan, siku ya kurusha tiara, yaani mwanzo wa safari ya jua kwenda kaskazini, huadhimishwa tarehe 14 Januari. Kwa kweli jua huanza safari hiyo tarehe 21 au 22 Desemba. Mhimili wa dunia huyumba polepole mno, na hesabu isiyouzingatia mwendo huo huchelewa siku moja katika kila miaka 72 hivi. Sasa tumechelewa siku kama 23. Kalenda ya taifa iliyopendekezwa na kamati yake ilianza kutumika tarehe 22 Machi 1957. Sikukuu zetu nyingi zimebaki katika hesabu ya kale, na hilo si dhambi, lakini ni vema tujue ukweli wake.

Hatutaficha kwamba Saha hakuwa mtu wa ibada. Alivisoma vitabu vyetu vitakatifu kwa miaka mingi, akawapinga hadharani waliodai kwamba sayansi yote ya leo imo tayari ndani ya Veda. Wapo walioudhika. Sisi twaona kwamba aliyezisoma Veda kwa uangalifu kiasi hicho, hata akabishana nazo, alizipa heshima kuliko yule anayezisifu bila kuzifungua.

Alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Februari 1956, akiwa njiani kwenda katika ofisi ya Tume ya Mipango, New Delhi. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Katika kuadhimisha siku hii ya hekalu letu, tunatoa ombi moja. Miongoni mwa watoto wa wanachama, wa wafanyakazi wetu na wa majirani wa dini zote, yumkini yumo mwenye akili kama ya Saha, ambaye anakosa ada, au kitabu, au chumba cha kulala karibu na shule. Rupia 11 kwa mwezi na nyumba ya daktari mmoja ziliupa ulimwengu mlinganyo wa nyota. Itakapofika Vasant Panchami, tutakapoweka vitabu miguuni pa Saraswati, na tuweke pia kando yake sanduku la ada za watoto hao, wala asiulizwe mtoto yeyote jina la ukoo wake kabla ya kupokelewa.