Masinde na Swali la Jamaa

Kila nisafiripo kutoka Kitale kwenda Bungoma, humkumbuka Elijah Masinde wa Kimilili, mcheza kandanda mashuhuri aliyegeuka kuwa nabii wa Dini ya Msambwa. Alipowapinga wakoloni na walowezi waliotwaa ardhi, serikali ilimtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945. Alitoka 1947. Mwaka uliofuata polisi waliwaua waumini 11 huko Malakisi. Dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa Lamu kwa zaidi ya miaka kumi. Alifariki 1987.

Sisemi kwamba alikuwa mgonjwa. Nasema kwamba waliomfungia walimtazama mtu mmoja, ilhali kidonda kilikuwa cha wengi. Katika miaka ya 1950, huko Marekani, Murray Bowen alianza kuwalaza hospitalini mgonjwa na jamaa yake pamoja, akiamini kuwa dhiki ya mmoja haieleweki pasipo mahusiano ya wote. Nami mwanaisimu naona neno msambwa lenyewe, lenye kuhusu mizimu ya wahenga, humfunga mtu na ukoo wake.

Hata mimi nimekosa. Niliwahi kumwita mwanafunzi mkaidi, nikaja kugundua baadaye kwamba nyumba yao ilikuwa ikivunjika kwa ugomvi wa shamba. Basi, mwalimu mwenzangu, kabla hujamhukumu mtoto, uliza kwanza habari za kwao.