Mwalimu Aliyeiacha Chaki

Ukiingia chuo cha ualimu huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Mkwawa au Kleruu pale Iringa, au Mpuguso kule Rungwe mkoani Mbeya, hukai siku nyingi kabla hujaambiwa kwamba ualimu ni wito. Na mfano ni uleule: Julius Nyerere. Mfano ni mzuri, ila tunausimulia nusu.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, akaenda Tabora, kisha Makerere alikosomea ualimu tangu 1943 hadi 1945. Shule ya serikali ya Tabora ilimtaka, tena kwa mshahara mnono. Yeye akachagua St. Mary's, shule ya misheni mjini humohumo, akafundisha mpaka 1949 alipokwenda Edinburgh kuchukua shahada. Hapo hakuna ubishi, wito ulikuwepo.

Sasa nusu ya pili. Alirudi 1952, Januari 1953 akamuoa Maria, akaanza kufundisha historia St. Francis, Pugu. Mwaka huohuo akachaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Siku za wiki yuko darasani. Wikiendi anatembea kwa miguu kama kilomita 20 kwenda Dar es Salaam kwenye mikutano. Nyumbani kuna familia changa. Machi 1955 akaenda New York, Umoja wa Mataifa. Aliporudi, shule ikamtaka achague moja: kufundisha au siasa. Akaacha kazi, akarudi Butiama bila mshahara, kwa muda akapata riziki kwa kumfundisha padri Kizanaki.

Hakuacha kwa kukosa wito. Aliacha kwa sababu kazi mbili kubwa zilikuwa hazibebeki tena na mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni Nyerere.

Sasa mtazame mkufunzi wako. Ana vipindi, ana rundo la mitihani ya kusahihisha, wakati wa BTP anatufuata shule hadi shule, halafu ana watoto, na shamba la parachichi la kujazia mshahara. Akichelewesha matokeo tunasema hana wito. Akidai malimbikizo yake, anaambiwa ualimu si pesa. Huko ni kulitumia jina la Mwalimu vibaya.

Hata Ikulu Nyerere alijibakizia muda wake: mwaka 1963, akiwa Rais, ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Na mpaka anafariki, tarehe 14 Oktoba 1999, jina lililobaki lilikuwa Mwalimu.

Sisi ndio tunaofuata kushika chaki. Wito tuwe nao, lakini tujue pia kusema mzigo huu umezidi, na tukiusikia kwa mkufunzi wetu, tumwamini.