Alexander Haddow: Mtafiti aliyewafuata mbu hadi juu ya miti

KIGOBE, Bujumbura – Mfanyabiashara anayevuka Gatumba kwenda Uvira anaijua kadi ya njano, ile inayoonyesha kwamba amechanjwa homa ya manjano. Pengine hajui kwamba njia ya ugonjwa huo kutoka msituni hadi kwa binadamu ilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo ni Alexander John Haddow.

Haddow alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1912, akasomea elimu ya wanyama na udaktari. Alianza kuchunguza mbu huko Kisumu, Kenya. Mwaka 1942 alihamia Entebbe, Uganda, katika Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller wa Marekani.

Chanjo ilikuwa imeshapatikana, lakini swali lilibaki. Huko Bwamba, mpakani na Kongo, damu ya watu na ya nyani ilionyesha kwamba walikwisha kuambukizwa. Ugonjwa ulikuwa unajificha wapi?

Haddow na wenzake walijenga majukwaa ya mbao juu ya miti mirefu. Vijana wa Uganda walikaa huko kwa zamu, usiku na mchana, wakikamata mbu waliokuja kuwauma. Ilikuwa kazi ya hatari, na bila wao majibu yasingepatikana. Ilionekana kwamba aina moja ya mbu huuma juu kabisa ya msitu mara baada ya jua kuzama, wakati nyani wanapokwenda kulala. Nyani aliyeambukizwa akishuka kuiba ndizi, huumwa na mbu wa aina nyingine, wanaozaliana katika maji yanayotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba. Hao ndio humuuma mkulima.

Kwa uchunguzi kama huo, taasisi iligundua pia virusi vya Zika mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe.

Mwaka 1950 taasisi ilifanywa kuwa ya Afrika Mashariki nzima, na Haddow akaiongoza kuanzia 1953 hadi 1965. Faida ilionekana mwaka 1959, homa ya o'nyong'nyong ilipozuka kaskazini mwa Uganda na kuenea hadi Kenya na Tanganyika. Watu wapatao milioni 2 waliugua, viungo vikiwauma vikali. Maabara ya Entebbe ilitambua kirusi chake na kuonyesha kwamba huenezwa na mbu wale wale wa malaria.

Haddow alirudi Glasgow kufundisha chuo kikuu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na taasisi ikabaki mikononi mwa Uganda peke yake. Yeye alifariki Desemba 1978.

Jumuiya ilifufuliwa, Burundi ikajiunga mwaka 2007, na leo Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki ina makao yake Bujumbura, mtaani Kigobe. Kazi yake ni kuunganisha tena watafiti wa nchi wanachama, kwa sababu mbu hasimami mpakani kuonyesha hati. Na kwa mwenye kadi ya njano: tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo moja hutambuliwa maisha yote.