PROFESA WA WADUDU

Ukiulizwa utaje wanasayansi watano, nina hakika utaanza na Newton na Einstein. Usione haya. Muhula uliopita klabu ya sayansi ilipokwenda kuwafanyia maonyesho watoto wa shule ya msingi jirani, walitaja majina hayo hayo. Mwafrika hakutajwa hata mmoja. Ndiyo sababu nikaonelea niwasimulie habari za Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Alizaliwa Mombasa mnamo mwaka wa 1931. Alisoma Maseno, kisha Makerere, halafu akavuka bahari hadi Cambridge kule Uingereza, akapata shahada ya uzamifu. Na unadhani alikuwa akichunguza nini huko kwa Wazungu? Nzige! Yule yule nzige wa jangwani aliyeingia Kenya mwishoni mwa 2019, na mwaka wa 2020 akafika hata huku Ukambani, sisi tukiwa bado shule ya msingi.

Mtu mwenye masomo kama hayo angeweza kubaki ng'ambo akala maisha. Yeye alirudi Nairobi kufundisha chuo kikuu. Mwaka wa 1967 aliandika makala katika jarida la Marekani liitwalo Science, akitetea wazo kwamba Afrika Mashariki iwe na utafiti wake wa hali ya juu, hapa hapa nyumbani. Miaka mitatu baadaye, yaani 1970, kituo cha ICIPE cha kuchunguza wadudu kikaanzishwa Nairobi. Alikiongoza hadi 1994.

Wengine huenda wakacheka, ati profesa mzima anahangaika na wadudu! Lakini nani hapa Kambu hajui hasara ya mdudu? Mvua yenyewe ni ya kubahatisha, na mahindi machache yakiota, funza huingia ndani ya bua. Dawa ni ghali, tena huua wadudu wazuri pamoja na wabaya. Odhiambo alishikilia kwamba kwanza tuyajue maisha ya mdudu: anakula nini, anazaa vipi, na adui yake ni nani.

Hapo kwa adui ndipo pananifurahisha mimi. Kuna funza wa mabua ambaye asili yake ni Asia. Alipokuja Afrika, adui zake wa kwao hawakuja naye, basi akajitawalia mashamba. Watafiti wa ICIPE walimleta kutoka Pakistan nyigu mmoja mdogo sana, na mwaka wa 1993 wakamwachilia huko Pwani. Nyigu huyu humfuata funza ndani ya bua na kumdunga mayai mwilini. Watoto wa nyigu humla funza akiwa hai, kisha hutoka na kujifumia vifuko vyeupe kama punje za mchele. Nyigu hao wakazaana na kuenea.

Katika yale maonyesho tuliwapa watoto mabua yaliyotobolewa wayapasue wenyewe. Kelele zilizotoka humo darasani, wacha tu! Kila aliyempata funza alitaka wenzake wamwone. Kijana mmoja wa gredi ya tano aliuliza nyigu hao huuzwa pesa ngapi, mama yake anunue. Tulipomwambia hawauzwi, huruka wenyewe, hakuamini. Alirudi kupasua mabua mengine akitafuta vile vifuko.

Tuzo alipata. Mwaka wa 1987 yeye na Rais Abdou Diouf wa Senegali walikuwa wa kwanza kupewa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa. Pia alikuwa mwanzilishi wa Chuo cha Wanasayansi wa Afrika, kinachowaunganisha wataalamu wa bara zima.

Profesa Odhiambo alifariki mwezi wa Mei mwaka wa 2003. Makao makuu ya ICIPE yako Kasarani, na huitwa Duduville, yaani mji wa wadudu. Kituo chake cha Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ndicho kilichopewa jina la Thomas Odhiambo.