Muljibhai Madhvani: Tajiri wa Jinja aliyeacha zaidi ya kiwanda cha sukari

Muljibhai Madhvani alizaliwa Gujarat, India, mwaka 1894, akavuka bahari hadi Uganda mwaka 1908 akiwa kijana wa miaka 14 tu. Alianzia kazi ya dukani, na mwaka 1930 akaanzisha kiwanda cha sukari huko Kakira, karibu na Jinja. Kando ya mashamba ya miwa zilijengwa shule na hospitali kwa ajili ya wafanyakazi na jamaa zao.

Alifariki dunia mwaka 1958, akiwaachia wanawe watano dhamana hiyo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na kiwanda kikatwaliwa. Familia ilirejea miaka ya 1980 na kukifufua. Wakfu wenye jina lake umewalipia karo wanafunzi wengi wa Uganda.