Luteni Aliyekesha Jangwani

Katika orodha ya maafisa waliohitimu chuo cha askari wapanda farasi cha Saumur, Ufaransa, mwaka 1879, jina la Charles de Foucauld lilikuwa la mwisho: nafasi ya 87 kati ya wanafunzi 87. Alikuwa mzaliwa wa Strasbourg, yatima tangu umri wa miaka sita, aliyelelewa na babu yake kanali mstaafu. Babu alipofariki alimwachia mali nyingi, naye akaitapanya kwa karamu. Imani ya utotoni ilikuwa imekwisha kumtoka.

Mwaka 1881, huko Algeria, jeshi lilimwondoa kazini kwa utovu wa nidhamu. Lakini aliposikia kwamba kikosi chake kinapigana na wafuasi wa Bou Amama, aliomba arejeshwe. Katika jua na kiu, wenzake waliomdharau wakaona askari ambaye hawakumjua. Baadaye aliacha jeshi, akajibadili sura kama Myahudi na kuipeleleza Moroko mwaka 1883 na 1884, kazi iliyompatia nishani ya dhahabu ya Chama cha Jiografia cha Paris.

Huko aliwaona Waislamu wakisali, na sala ile ikamsumbua moyo. Aliporudi Paris alizoea kuingia makanisani na kukaa humo saa nyingi, akimwomba Mungu asiyemwamini ajidhihirishe kwake. Hakupata jibu. Mwishoni mwa Oktoba 1886 alimwendea Padri Huvelin akitaka afundishwe dini. Padri alimwamuru apige magoti na kuungama kwanza. Luteni wa zamani akatii.

Alikuwa Mtrapisti kwa miaka saba, kisha mtumishi wa masista Waklara huko Nazareth, akilala katika kibanda cha zana za bustani. Alipewa upadri mwaka 1901, akarudi Algeria, kwanza Beni Abbès, ambako aliwakomboa watumwa kadhaa kwa fedha na kuwalalamikia wakubwa waliouvumilia utumwa. Mwaka 1905 alihamia Tamanrasset, kwa Watuareg wa Hoggar.

Hapo ndipo lilipoanza lindo lake refu. Alikuwa ameandika kanuni ya shirika la ndugu wadogo, akangoja wa kuungana naye. Mmoja alijaribu, akarudi njiani. Watuareg walibaki katika Uislamu wao, wala yeye hakuwalazimisha. Sheria ya Kanisa wakati ule ilimkataza padri kuadhimisha Misa bila mtu wa kumwitikia, na Mkristo mwingine hakuwapo. Noeli ya 1907 ilipita bila Misa. Kila aliyewahi kushika zamu ya usiku katika kituo cha mbali, bila kujua atapokewa lini, anaweza kuipima hali hiyo.

Mwezi uliofuata aliugua karibu na kufa. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu, na akiba yake ya chakula alikuwa amewagawia wenye njaa. Watuareg, wenyewe wakiwa na shida, walizunguka kutafuta maziwa ya mbuzi popote yalipopatikana, wakamnywesha. Aliyekuja kuwasaidia akawa msaidiwa wao. Tarehe 31 Januari 1908 ikafika habari kwamba Roma imemruhusu kuadhimisha Misa akiwa peke yake.

Miaka iliyobaki aliitumia sana kwa kamusi ya lugha ya Watuareg na kukusanya mashairi yao. Ni kweli kwamba hakuacha kuwa Mfaransa: aliwapasha habari maafisa wa nchi yake, na katika Vita Kuu alikubali bunduki ziwekwe katika ngome aliyoijenga. Haifai kulificha jambo hilo.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1916 mtu aliyemfahamu alibisha, akijifanya ameleta barua. Wavamizi wakamkamata na kumfunga kamba. Askari wawili wapanda ngamia walipotokea, kijana aliyewekwa kumlinda aliingiwa na hofu, akafyatua risasi. Foucauld alikuwa na umri wa miaka 58, bila mfuasi hata mmoja kando yake.

Wiki tatu baadaye Kapteni de la Roche alifika Tamanrasset. Mchangani, katikati ya vitu vilivyotupwa, aliokota chombo cha Ekaristi. Ndugu Wadogo wa Yesu walianza maisha yao ya pamoja huko El Abiodh, Algeria, mwaka 1933.