Garnham na Usubi wa Kodera

Apitaye katikati ya jiji la Nairobi huisoma historia ya nchi yetu kwenye vibao vya barabara: Kenyatta, Kimathi, Koinange, Muindi Mbingu. Ni majina ya viongozi na wapigania uhuru, na yanastahili kuwapo. Watafiti wa maradhi hukumbukwa kwa nadra. Ndiyo sababu leo nataka kumzungumzia tabibu mmoja aliyefanya kazi katika jiji hili zama za ukoloni, na ambaye vitabu vya sayansi humtaja zaidi kwa jambo alilolifanya baada ya kuondoka kwetu.

Percy Cyril Claude Garnham alizaliwa London tarehe 15 Januari 1901, akasomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew. Mwaka 1925 aliajiriwa katika utumishi wa tiba wa makoloni, akaletwa Kenya na kukaa miaka 22. Alichunguza malaria huko Kisumu, kisha akaufuatilia ugonjwa huo hadi nyanda za juu ambako wengi walidhani mbu hawezi kuuneza. Haya nayapita upesi, kwa maana ninalolikusudia liko Kodera, Nyanza Kusini.

Bonde la Kodera lilikuwa na vipofu wengi kupita kiasi. Waliopofuka walikuwa watu wazima waliokuwa na nguvu za kulima, ambao sasa waliongozwa na watoto kwa fimbo. Chanzo chake ni mnyoo mwembamba, Onchocerca volvulus, ambaye hujikunja ndani ya vinundu chini ya ngozi na kuishi humo miaka mingi. Jike huzaa vijiminyoo visivyohesabika, navyo hutambaa ngozini na kuleta mwasho usiomwacha mtu alale. Vikiingia machoni na kufia humo, jicho huvimba, likapata makovu, na hatimaye likafumba nuru yake. Mnyoo huyu huhamishwa kutoka mtu hadi mtu na kijidudu cheusi kinachouma mchana karibu na mito iendayo kasi. Kwa Kiswahili huitwa usubi. Hapa mwanaisimu ataniwia radhi nikimega hatua moja nje ya njia: huko Tanzania neno hilo limehama kutoka kwa mdudu likawa jina la ugonjwa wenyewe, jambo linaloonyesha kwamba wasemaji walijua vyema nani amemletea nani balaa.

Kabla ya hapo, kando ya mto Riana, ilijaribiwa njia ya kufyeka vichaka ili usubi akose kivuli. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha ikapatikana dawa mpya, DDT. Mwaka 1946 Garnham na mwenzake J. P. McMahon waliitia katika mito ya Kodera kwa vipindi, huku wakihesabu usubi waliosalia, na usubi akatoweka. La kustaajabisha ni hili: wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuwaona viluwiluwi wa usubi wa aina hiyo, Simulium neavei. Walikuwa wametafutwa juu ya mawe na majani ya mtoni bila mafanikio. Ilikuwa mwaka 1950, Garnham akiwa amekwisha kurudi Uingereza, ndipo McMahon na Van Someren walipowagundua wameng'ang'ania magamba ya kaa wa mtoni. Adui alikuwa ameuawa ndani ya nyumba ambayo mlango wake haujulikani! Leo hapana mtu mwenye busara atakayemwaga DDT mtoni, kwa kuwa madhara yake kwa samaki na ndege yanafahamika. Lakini si haki kuwahukumu watu wa 1946 kwa elimu ya miaka ya baadaye.

Lawama yangu ni nyingine. Usubi hakujihesabu mwenyewe. Walikuwapo vijana Waafrika walioketi kando ya mito, miguu wazi, wakimngoja aje kuuma ili wamnase. Miguu yao ndiyo iliyokuwa kipimo cha ushindi. Ripoti iliyochapishwa 1947 ina majina mawili ya waandishi, Garnham na McMahon.

Mwaka huo huo wa 1947 Garnham alihamia London. Mwaka 1948, pamoja na Henry Shortt, alionyesha kwamba kimelea cha malaria hujificha kwanza katika ini kabla ya kuingia damuni. Fumbo hilo lilikuwa limewashinda wataalamu kwa miaka hamsini, na utafiti wake wa vimelea vya tumbili hapa Kenya ulikuwa umemzoeza kulitazama ini kwa makini. Ndiyo iliyompa sifa duniani, na mwaka 1964 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki tarehe 25 Desemba 1994.

Huku nyuma McMahon na wenzake waliendelea mto hadi mto katika magharibi ya Kenya, na mwaka 1958 wakatangaza kwamba Simulium neavei amekwisha nchini. Lakini mnyoo alikuwa bado hai ndani ya watu. Watafiti waliorudi kuwapima wakazi, hata miaka 18 baada ya usubi kutoweka, walimkuta akififia polepole kadiri alivyozeeka, bila mdudu wa kumbeba kwenda kwa mtu mwingine. Watoto waliozaliwa Kodera baada ya 1946 walikua wakioga mtoni na kuona vizuri. Wazee waliokwisha kupofuka waliendelea kuongozwa kwa fimbo hadi walipozikwa.